Ushauri Nasaha na Majina ya Tiba za Sonona

Lipo neno moja ambalo kwa miaka mingi sasa limebebeshwa mzigo wa maneno saba. Neno hilo ni ushauri nasaha. Mfasiri akikutana na jina lolote la tiba ambayo mgonjwa na mtaalamu huketi wakasema badala ya kupeana dawa, huliandika hilo. Mwalimu akitaka kueleza kazi ya mtu anayewasikiliza wanafunzi wenye matatizo, hulitamka hilo. Na mtumishi wa serikali apangaye nafasi za kazi hospitalini hulijaza hilo katika fomu. Si nia yetu kulifukuza katika lugha, maana limekwisha kuota mizizi, na mahali pake lina manufaa yake. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba kwa kulitumia kila mahali tumejinyima uwezo wa kusema jambo ambalo wataalamu wamekuwa wakilibishania tangu miaka ya 1970, yaani: kati ya tiba za mazungumzo zitumikazo kutibu sonona, ipi hufaa kuliko ipi, kwa nani, na kwa gharama gani.

Kilichotuzindua ni tafsiri ya kijitabu cha afya tuliyoombwa kuisoma kabla haijapigwa chapa. Hatutawataja waliokitoa wala aliyekifasiri, kwa sababu makosa yake ni makosa yetu sote, na Kiswahili chake kwa jumla ni kizuri. Katika ukurasa mmoja msomaji huarifiwa kwamba kwa wagonjwa wa sonona ushauri nasaha ulionekana kuwa na nguvu kuliko ushauri nasaha wa kawaida, na kwamba aina nyingine za ushauri nasaha zilikaribiana. Ilitubidi kufunua asili ya Kiingereza ndipo tukafahamu kilichosemwa. Asili ilikuwa ikieleza uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 na Jürgen Barth na wenzake, ambao walikusanya majaribio 198 yenye wagonjwa 15,118 na kulinganisha tiba saba. Zote saba zilionekana kuwa bora kuliko kumwacha mgonjwa angoje zamu yake bila ya tiba. Tofauti baina yao zilikuwa ndogo. Lakini ile ishughulikiayo uhusiano wa mgonjwa na watu wake iliishinda ile ya kumsikiliza na kumtia moyo tu. Kauli hii ya mwisho haiwezi kufasiriwa ikiwa tiba zote mbili zina jina moja. Mfasiri wetu hakukosa elimu. Alikosa maneno, na sisi tuliopewa kazi ya kuyatafuta hatukuyatafuta.

Kabla ya kuzigusa tiba zenyewe, yafaa tuseme machache juu ya jina la ugonjwa. Sonona limekubalika, nasi twaliunga mkono. Ni ndugu wa kitenzi sononeka, kijulikanacho na kila Mswahili, nalo lataja maumivu yakaayo ndani yasionekane. Wako waliolilaumu kwa sababu linakaribiana mno na kisonono. Ni kweli kwamba mpiga chapa asiye mwangalifu anaweza kuyachanganya maradhi haya mawili, lakini kosa hilo litakuwa la msahihishaji, si la neno. Washindani wake ni dhaifu zaidi. Msongo wa mawazo, litumikalo sana magazetini, ni jina la kulemewa na shughuli na mashaka. Mwenye msongo akipata likizo na fedha aghalabu hupumua, ilhali mwenye sonona anaweza kupewa vyote viwili asiinuke kitandani. Huzuni ni hali ya kila binadamu aliyefiwa. Unyogovu, ambalo siku hizi lazagaa katika tafsiri zifanywazo na mitambo, humleta akilini mtu mlegevu na mvivu. Na hiyo ndiyo shutuma aisikiayo mgonjwa wa sonona kila siku kutoka kwa jamaa zake. Hakuna haja ya kuiandika pia katika cheti chake cha hospitali.

Turudi kwenye ushauri nasaha. Maneno yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na yote mawili yana maana ya kumwambia mtu lililo jema kwake. Ashauriye anajua, ashauriwaye hajui, au amesahau. Anasihiye ana umri, au elimu, au dini. Anasihiwaye amepotoka, au yu karibu kupotoka. Kuyaweka pamoja ni kuikaza maana ile ile mara mbili. Neno lilipoenea pamoja na kampeni za upimaji wa Ukimwi lilikuwa na sababu nzuri: aliyekuja kupima alihitaji kuelezwa virusi huambukizwa vipi, majibu yana maana gani, na afanye nini akiisha kuyapata. Huo ulikuwa ushauri kweli. Kadhalika shuleni, ushauri na unasihi ni kumwongoza kijana katika masomo yake na mwenendo wake, na hatuna ugomvi na walimu juu ya hilo.

Lakini tiba ya mazungumzo, kwa sehemu yake kubwa, ilikua kwa kuacha kushauri. Mfuasi wa Freud huketi kimya akasikiliza. Mwaka 1942 Mmarekani Carl Rogers alitoa kitabu ambamo alidai kwamba mtaalamu asimwelekeze mgonjwa, bali amsikilize kwa namna itakayomwezesha kujielekeza mwenyewe. Hata zile tiba zilizokuja baadaye, ambazo mtaalamu huuliza maswali mengi na kutoa mazoezi, hazimwamulii mgonjwa aachane na mumewe au arudi kwake. Kuziita ushauri nasaha, basi, ni kuzipa jina la kile zisichokifanya.

Matokeo yake yaonekana pande mbili. Mgonjwa aliyeambiwa aende akapate ushauri nasaha huenda akitaraji kushauriwa. Akiulizwa yeye mwenyewe aonaje, hudhani mtaalamu hajui kazi. Asipopewa la kufanya, hurudi nyumbani akisema amepoteza nauli. Upande wa pili ni mbaya zaidi, kwani mtaalamu naye, akiisha kuitwa mshauri, huanza kushauri. Humwambia mke aliyepigwa avumilie kwa ajili ya watoto. Humwambia kijana aliyekata tamaa asali na afanye mazoezi ya viungo. Pengine baadhi ya maneno hayo ni mema. Hayamo, hata hivyo, katika tiba zilizopimwa kwa majaribio tuliyoyataja, na mtumishi wa serikali anayeandika katika ripoti yake kwamba wagonjwa kadhaa wamepata ushauri nasaha hawezi kujua walichopata ni kipi.

Jina la jumla tunalolipendekeza ni tiba ya mazungumzo, na jina hilo lina historia ambayo mwanaistilahi yeyote ataifurahia. Kati ya mwaka 1880 na 1882 daktari Josef Breuer wa Vienna alimtibu msichana ambaye katika maandishi aliitwa Anna O., na ambaye jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim. Katika ugonjwa wake msichana huyo alipotewa na Kijerumani, lugha ya mama yake, akawa anasema Kiingereza. Na kwa Kiingereza hicho cha ugonjwani ndipo alipoipa ile kazi ya kueleza yaliyomsonga jina la tiba ya kusema. Kwa mzaha aliiita pia kufagua dohani. Breuer na Freud waliyachapisha hayo mwaka 1895, na jina likaenea ulimwenguni. Basi istilahi ambayo leo imo katika kila kamusi ya elimu hii ilitoka kinywani mwa mgonjwa, si kwa daktari wake. Kamati zetu za istilahi huwaalika madaktari. Hatukumbuki kamati iliyomwalika mgonjwa.

Wako wanaopenda zaidi tiba ya maneno. Hatukubaliani nao, kwa sababu maneno yanaweza kuwa ya mtu mmoja: ya mganga anayeagua, ya shehe asomaye kisomo, ya mzazi akaripiaye. Mazungumzo sharti yawe na wawili, ingawa wasikilizaji wa zamani wa Redio Tanzania watatukumbusha kwamba Mazungumzo Baada ya Habari yalisomwa na mtu mmoja na sisi wengine tukinyamaza.

Chini ya jina hili la jumla kuna tiba zenye majina yake, na hapa ndipo kazi ilipo. Iliyochunguzwa kuliko zote ni ile ya Aaron Beck wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2021. Beck alifunzwa katika njia ya Freud, ambayo iliieleza sonona kuwa ni hasira iliyogeuziwa nafsi. Alipozichunguza ndoto za wagonjwa wake ili kulithibitisha jambo hilo, hakukuta hasira kama alivyotazamia. Alikuta kushindwa, kupotewa na kukataliwa. Akaanza kuamini kwamba ugonjwa hushikiliwa na namna mtu anavyojifikiria yeye mwenyewe, ulimwengu wake na siku zake zijazo. Kitabu alichokiandika na wenzake watatu juu ya kuitibu sonona kwa njia hiyo kilitoka mwaka 1979.

Katika maandishi ya Kiswahili tiba hii, pamoja na nyongeza zilizotiwa na waliomfuata, huitwa tiba ya utambuzi na tabia. Maneno yote mawili hayafai. Utambuzi ni kukijua kitu ulichokwisha kukiona: mama humtambua mwanawe katika umati, shahidi humtambua mwizi. Beck hamtaki mgonjwa atambue kitu, amtaka azipime fikra zake kama mfanyabiashara anavyopima sarafu asiyoiamini. Neno tabia lina hatari kubwa zaidi. Kwa Mswahili tabia haiachani na maadili. Mwambie mzazi kwamba binti yake anapewa tiba ya tabia, naye atauliza amefanya nini. Istilahi ya Kiingereza yataja tu yale mtu ayatendayo, bila ya kuyahukumu. Na kwa hayo tunalo neno matendo, lisilo na lawama. Twapendekeza, basi, tiba ya fikra na matendo. Neno mawazo tumeliepuka kwa makusudi, kwani kusema fulani ana mawazo ni kusema ana mashaka, na tiba ya mawazo ingeeleweka kuwa ni dawa ya wasiwasi.

Kijitabu chetu kina mifano mingine ya namna hii, na mmoja wake umetukaa moyoni. Katika tiba ya fikra na matendo mgonjwa hupewa jambo la kufanya baina ya kikao na kikao, aghalabu kuandika fikra iliyomjia alipozidiwa, saa ilipomjia na mahali, kisha hoja za kuikubali na hoja za kuikataa. Mfasiri ameandika kwamba mgonjwa atapata nafuu upesi akifanya kazi za nyumbani. Na tumfikirie mama wa watoto watano ambaye kwa mwezi mzima hajaweza kuinuka akapika, na ambaye mume na mawifi humsuta mchana kutwa kwa kuacha kazi za nyumbani. Anakifungua kijitabu akitafuta msaada, anakuta nacho kinamsuta. Kuandika zoezi la wiki kungetosha.

Mahali pengine kijitabu chasema kwamba mtaalamu huzipinga imani za msingi za mgonjwa. Katika nchi ambayo neno imani humaanisha dini kabla ya jambo lolote jingine, Mwislamu na Mkristo wote wawili watakifunga kijitabu hapo hapo, na wana haki. Asili ilikusudia yale maneno mafupi ambayo mtu amejiambia tangu utotoni: mimi si kitu, sipendwi, kwangu hakuna lifanikiwalo. Twapendekeza hukumu za nafsi, kwa kuwa mgonjwa ndiye hakimu na yeye ndiye mshitakiwa. Tena mtaalamu hazipingi. Humwalika mgonjwa wazichunguze pamoja waone kama kesi ilisikilizwa kwa haki.

Kuyatenga maneno fikra na matendo si anasa ya wanalugha. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani, waliikata tiba hii vipande. Wagonjwa wengine walipata tiba nzima. Wengine walipata sehemu ya matendo peke yake, yaani kurudishwa hatua kwa hatua katika shughuli walizoziacha, zile zenye kuleta furaha au tija. Kipande kilifanya kazi sawa na kitu kizima. Huko Uingereza, mwaka 2016, David Richards na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 440: tiba ya matendo iliyotolewa na wafanyakazi wa afya wa ngazi ya chini haikuwa dhaifu kuliko tiba ya fikra na matendo iliyotolewa na wataalamu waliosomea kazi hiyo, nayo iligharimu kidogo. Katika nchi yenye wanasaikolojia wachache, hakuna msomaji astahiliye kulisikia jambo hilo kuliko ofisa apangaye bajeti ya wilaya. Lakini alisikie kwa jina gani? Tumekuta sehemu hiyo ya matendo ikiitwa uamsho wa tabia. Uamsho, kwa wengi wetu, ni mkutano wa injili uwanjani. Na uamsho wa tabia ni mkutano uliofanikiwa. Tiba ya matendo yatosha.

Ya pili kwa umaarufu ni tiba iliyoanzishwa katika miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman, na kuelezwa katika kitabu chao cha mwaka 1984. Tiba hii haishughuliki sana na namna mgonjwa anavyofikiri. Huuliza nini kimetokea baina yake na watu wake wakati ugonjwa ulipoanza. Hutafuta jibu katika mambo manne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, kubadilika kwa nafasi ya mtu maishani, kama vile kuolewa, kuzaa, kustaafu au kuhamishwa, na upweke wa asiyejua kupatana na wenziwe. Yeyote aliyekaa msibani au aliyesuluhisha mke na mume atayatambua mambo hayo bila ya kufundishwa, na kwa sababu hiyo twaamini kwamba tiba hii ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yetu.

Kuipa jina, hata hivyo, kumetupa taabu. Neno lililo sahihi kuliko yote kwa maana yake ya asili, ujamaa, lina kazi nyingine katika historia yetu, nasi hatuthubutu kuligusa. Mahusiano, katika kurasa za magazeti ya wikiendi, yamekuwa ni mapenzi tu. Maingiliano yana balaa yake. Tumeona afadhali tuseme tiba ya uhusiano na watu, na kwamba hayo maneno mawili ya mwisho yasiachwe kamwe, kwa kuwa ndiyo yanayoilinda maana.

Tiba hizi mbili zilipambanishwa katika jaribio kubwa la Marekani ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1989 na Irene Elkin na wenzake. Wagonjwa 250 waligawanywa kwa kura katika makundi manne kwa muda wa wiki 16: kundi la tiba ya Beck, kundi la tiba ya uhusiano na watu, kundi la dawa iitwayo imipramini, na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa. Baina ya tiba mbili za mazungumzo hapakuonekana tofauti ya maana. Kwa wagonjwa waliozidiwa sana, dawa ndiyo iliyoonyesha nguvu zaidi. Kwa wale ambao ugonjwa wao haukuwa mkali, hata waliomeza kidonge kitupu walipata nafuu kama wenzao. Lakini wamezaji hao hawakuachwa na kidonge peke yake. Walikuwa na daktari aliyewaona kila wiki, akawauliza hali, akawatia moyo. Hayo nayo ni mazungumzo, ingawa hayakuhesabiwa kuwa tiba ya mazungumzo. Yanahitaji jina, na jina Kiswahili kinalo tangu zamani: maliwazo. Mtu anapoliwazwa hashauriwi wala hachunguzwi. Yule ndugu wa nne katika ulinganisho wa Barth, ambaye kazi yake ni kusikiliza na kutia moyo tu, aitwe tiba ya maliwazo. Na ile kauli iliyotushinda mwanzoni sasa yaweza kuandikwa bila ya shida: tiba ya uhusiano na watu iliishinda tiba ya maliwazo.

Zilizobaki tutazipita upesi. Ile inayomfundisha mgonjwa kuligawa tatizo lake na kuchagua njia ya kulikabili ni tiba ya utatuzi. Ile ya kumzoeza mtu kusema na kukaa na wenzake ni mafunzo ya kuishi na watu. Ile itokanayo na Freud, itafutayo chanzo cha maumivu katika mambo yaliyozikwa na mtu mwenyewe, iitwe tiba ya uchambuzi nafsi, mpaka apatikane mwenye neno bora. Hizo ndizo saba.

Tutaulizwa: ikiwa tofauti baina yao ni ndogo, majina mengi ya nini? Jibu letu ni kwamba hata kusema Juma na Ali wanalingana kwa kimo kwahitaji majina mawili. Tena kulingana kwa wastani wa maelfu ya watu si kulingana kwa bei, wala kwa muda wa kuwafunza watoaji, wala kwa mgonjwa huyu aliyeketi mbele yako leo, ambaye pengine amefiwa na hataki kuulizwa juu ya fikra zake.

Ni desturi ya kazi yetu kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuvuke bahari. Kwa jambo hili majirani wametutangulia. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la tiba ya uhusiano na watu, iliyotolewa kwa makundi, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda. Kabla ya kutibu, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe waite vipi hali hizo, wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, ambalo maana yake yakaribia kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Walioingizwa katika jaribio walikuwa wale waliotajwa na majirani, na waliojitaja wenyewe, kwa maneno hayo. Makundi yalikutana kwa dakika 90 kila wiki, wiki 16, yakiongozwa na watu wa huko huko wasio madaktari. Mwishoni, kati ya waliotibiwa waliobaki na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa sonona walikuwa asilimia 6.5, kati ya wasiotibiwa, asilimia 54.7. Twajua kwamba lililowaponya si jina. Lakini bila ya jina wasingepatikana.

Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza wanawake wazee wa mtaa wa Mbare, Harare, kutoa tiba ya utatuzi wakiwa wameketi na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati. Ugonjwa wanauita kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Benchi lilikuwa na jina lililotaja akili na maradhi yake, na watu wakalikwepa. Wazee hao ndio waliotaka jina libadilishwe. Kwa Kishona likaitwa chigaro chekupanamazano. Mswahili akilitazama vizuri ataona humo kupana, yaani kupeana, na mazano, ambayo ni mashauri. Ni kiti cha kupeana mashauri. Jaribio lililotolewa mwaka 2016, katika zahanati 24 na wagonjwa 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita walioketi bencini walikuwa na dalili chache kuliko wenzao.

Tumelikalia neno hilo kwa muda mrefu. Tofauti yake na ushauri nasaha ni kiambishi kimoja, -ana, kile cha kutendana, ambayo Kiswahili kinayo sawa na Kishona. Ushauri hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kushauriana hakuna juu wala chini. Tungependa kusema tiba ya mashauriano, lakini mashauriano yamekwisha kuchukuliwa na wizara na mabalozi, na mgonjwa angeulizwa kikao kilikuwa na wajumbe wangapi. Kwa mtu wa mtaani, hata hivyo, anayemweleza jirani yake aende wapi, kukaa na kushauriana ni maneno mema kuliko istilahi zetu zote, na mwandishi wa matangazo ya afya ayatumie bila ya kuomba ruhusa kwetu.

Jambo hili haliko mbali na wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Jijini Nairobi, jaribio lililotolewa mwaka 2017 na Richard Bryant na wenzake lilihusu wanawake 421 waliokuwa wamepatwa na ukatili. Wahudumu wa afya wa jamii, waliofunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, waliwapunguzia mashaka kuliko ilivyowezekana kwa huduma ya kawaida iliyokuwapo. Mpango huo ndani yake una utatuzi, una matendo, na una mazoezi ya kupumua polepole. Atakayeuandikia mwongozo kwa Kiswahili, kisha akauita ushauri nasaha, atakuwa amewafundisha wahudumu jambo moja na kuwaambia kwamba wamejifunza jingine.

Limebaki neno mteja. Rogers ndiye aliyeeneza desturi ya kutomwita anayetibiwa mgonjwa. Alimwita kwa neno la Kiingereza litumikalo kwa mtu aliyemwendea wakili, ili asionekane duni. Wafasiri wetu wameandika mteja, na mfasiri wa kijitabu ameliandika kila mahali. Lakini mteja ni mnunuzi dukani. Ni mtu anayekwenda kwa mganga. Na ukiliondoa herufi ya kwanza, vijana wa mjini watakuelewa kuwa unamtaja mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Tumemrudishia mfasiri muswada wake tukiwa tumebadili mteja kuwa mgonjwa katika kurasa zote isipokuwa ule umhusuo Rogers. Hapo tumeandika aliyekuja kuzungumza, tukijua kwamba ni refu.